Mzee Zima-Washa Astaafu kwa Mara ya Pili, na Safari Hii Mfumo Umekubali

Fundi wetu wa kompyuta, anayejulikana ofisi nzima kwa jina la Mzee Zima-Washa, amestaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kasoro dakika nane alasiri, baada ya kuitumikia Ofisi ya Vipimo na Mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Hizo dakika nimeziandika kwa makusudi. Mwaka jana, tarehe kama hiyo, alistaafu pia. Tulikula keki, tukapiga picha, halafu mfumo ukakataa. Wasifu wa mwaka jana aliuandika katibu muhtasi kwa Kiswahili kizuri kuliko hiki, na haukusaidia kitu. Ndiyo maana safari hii nimepewa mimi wa chumba namba tano. Shule niliacha mapema kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini kuandika naandika.

Mzee alianza kazi akiwa mbeba mawe. Nasema yale mawe ya chuma ya kilo ishirini ishirini tunayokwenda nayo sokoni kukagua mizani za wauza nyama. Aliyabeba miaka kumi na miwili mpaka mgongo ukaanza kumjibu. Siku kompyuta ya kwanza ilipoletwa, kwa kuwa ilikuwa nzito, akaitwa yeye. Akaibeba, akaiweka mezani, akaulizwa kama anajua kuiwasha. Akaiwasha. Kuanzia jioni ile akawa mtaalamu. Kozi zilikuja nyuma yake, na nisimpunje, zote alifaulu.

Jina la Zima-Washa alilipata kwa haki. Programu ikigoma, la kwanza alilofanya ni kuzima, kuhesabu mpaka kumi, na kuwasha. Mara nyingi ilitosha. Hata lango la nyuma lilipokwama, alilisogelea, akalishika, akahesabu mpaka kumi, akalisukuma, likafunguka. Lango lile halina umeme.

Lakini miaka minne hii ya mwisho kuzima na kuwasha hakukutosha tena. Programu zilianza kuugua moja baada ya nyingine. Ile ya vyeti vya mizani ilifunguka nyeupe kama shuka, haina herufi hata moja. Ile ya barua ilijifunga kila ulipoandika neno "Ndugu", kwa hiyo tukawa tunaanza barua zetu moja kwa moja na malalamiko. Ya mahudhurio ilikwama Jumanne. Wiki tatu nzima tulisaini Jumanne, mpaka Bi Utumishi, yaani mkuu wetu wa utumishi, akatoa waraka kwamba kwa kuwa leo ni Jumanne, mtu yeyote asidai mapumziko ya Jumamosi.

Mzee alitueleza chanzo chake bila kuchoka. Alisema kompyuta ina masasisho yake ya usalama, zile apdeti zinazokuja zenyewe na kuomba ruhusa ya kuizima mashine na kuiwasha upya. Usipoziruhusu, mashine inabaki na ulinzi wa zamani, na seva za makao makuu zinaikataa kama mlinzi anavyomkataa mgeni mwenye kitambulisho kilichoisha muda. Alikuwa ameshazipanga mashine zote zijisasishe zenyewe. Kila Ijumaa alipita vyumbani akiuliza kama masasisho yameingia, nasi tukaitikia ndiyo kwa sauti moja kama darasa la kwanza. Na Mzee ni mtu wa aina hiyo, akiambiwa ndiyo na mtu mzima haendi kuchungulia nyuma yake.

Basi akatafuta ugonjwa kwingine. Alibadilisha nyaya zote. Alizihamisha kompyuta kutoka dirishani akidhani jua linazipiga, kisha akazirudisha akidhani zinakosa hewa. Alipanda darini kutafuta panya wa kutafuna waya, akategesha mitego minne mingine chini ya meza, na mmoja ukakamata kiatu cha Bi Utumishi, mguu ukiwemo. Aliyaandikia makao makuu barua kumi na tisa, bila "Ndugu".

Sasa nifike pale ambapo nimeombwa nipapite haraka. Dirisha la sasisho lilikuwa linatokea kila siku saa nne asubuhi, katikati ya kazi. Linakuuliza uwashe upya sasa au Baadaye. Ukichagua Baadaye linakwenda zake, linarudi kesho saa ileile. Ukilipuuza, linakuzimia mashine na ulichokuwa unaandika kinapotea. Watu walilia. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaona dawa. Saa nne ndiyo saa ya chai, na Mama Chai anapita vyumba vyote na birika lake. Nikamwonyesha kitufe. Kuanzia hapo, kila akimimina kikombe, anainama na kubonyeza Baadaye. Mashine kumi na moja, kila siku ya kazi, miaka minne, na hajawahi kumwaga hata tone. Mzee alikuwa anapelekewa chai wa kwanza kabisa, kwa heshima, chumbani kwake. Heshima hiyo niliipanga mimi.

Hatukujua kuwa tunamfunga yeye. Mfumo wetu wa utumishi una kanuni yake. Mtumishi ambaye taarifa yake ya kustaafu haijapokelewa makao makuu kufikia saa kumi ya siku ya mwisho, anahesabiwa kuwa bado anahitajika, na anaongezewa mwaka. Dereva wetu wa zamani alipitwa hivyo mara tatu. Alikuja kila asubuhi, akakaa ndani ya gari lisilo na matairi, akarudi kwake. Mwaka jana ikawa zamu ya Mzee. Safari hii mkewe hakusubiri. Alishatangulia kwenye nyumba yao mpya na vyombo vyote, kitanda kikiwemo, akaacha agizo kwamba tarehe moja anapika kwa watu wawili na hatapika hivyo mara mbili. Mzee alikuwa amebaki na mkeka, sufuria moja na shati la kuagia.

Asubuhi ya tarehe thelathini, Bi Utumishi akafungua mfumo, na mfumo ukajibu kwamba muunganisho si salama. Unafunguka kwenye mashine yake tu, haukubali nyingine. Mzee akavua koti. Alikagua saa na tarehe ya mashine, akabadilisha waya, akaiondoa programu na kuiweka upya mara mbili. Akazima, akawasha. Hakuna. Saa nne ikamkuta amepiga magoti mbele ya kioo, na dirisha dogo likachomoza pembeni. Kabla hajalisoma, mkono ukapita juu ya bega lake, ukabonyeza, ukarudi kwenye birika.

"Mama, umebonyeza nini hapo?" akauliza, taratibu kabisa.

"Baadaye, baba. Kama kila siku. Niachie nipite, zimebaki mashine sita na chai inapoa."

Akamuuliza kila siku ya tangu lini. Mama Chai akahesabu kwa vidole vya mkono ulioshika birika. "Wa nne huu. Si kijana wako wa namba tano aliyeniagiza? Akasema wewe unajua."

Wote wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni. Niliangalia dari, na dari haikunisaidia. Mzee hakunigombeza. Alivuta kiti, akanielekeza kwa kidevu. "Kaa hapo, mwanangu. Kila itakachoomba leo, utakipa."

Masasisho yaliyokuwa yanasubiri yalikuwa mia mbili na kumi na manne.

Nilikaa. Iliomba, nikaipa. Ilijizima, ikajiwasha, ikaomba tena. Bi Utumishi alipiga marufuku kuchemsha maji jengo zima umeme usije ukakatika, na ofisi ikakosa chai ya mchana kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Watu walitembea na soksi. Mmoja akadai asilimia hazipandi kwa sababu tunazikodolea macho, tukageukia ukutani watu wazima saba, na kweli zikapanda, kwa hiyo tukabaki tumegeuka. Saa tisa na nusu ilifika tisini na tisa. Ikakaa hapo. Dakika tano. Kumi. Kumi na tano. Mkono wa kulia wa Mzee ukaanza safari ya kwenda kwenye kitufe cha kuzimia, wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile, naye akaukamata kwa mkono wa kushoto akauleta kifuani. Alisimama hivyo, amejishika kama mtu aliyejikamata anaiba, na jasho linamtiririka kwenye shati la kuagia.

Saa tisa na dakika arobaini na nane, kompyuta ikatukaribisha kama vile hatujawahi kuonana. Mfumo ukafunguka. Bi Utumishi, anayechapa kwa kidole kimoja, akaingiza namba ya utumishi ya Mzee, akaikosea, akaifuta, akaingiza tena, akatuma. Dakika ya hamsini na mbili ikajibu kwamba imepokelewa. Mama Chai ndiye aliyelia wa kwanza, na akalia na birika lake.

Mzee akaenda chumbani kwake kufunga kazi. Ni kawaida yake, kila tatizo alilotatua huliandika kwenye daftari lililomo ndani ya kompyuta yake. Nikamfuata nimbebee koti. Akaketi, akaandika nywila yake. Mashine ikasema haimtambui. Akaandika polepole, herufi kwa herufi. Haimtambui. Taarifa ilikuwa imefika makao makuu, na sekunde ileile akawa amefutwa kila mahali, kama usalama unavyotaka mtumishi aliyeondoka afutwe. Miaka thelathini na mmoja. Mimi nilishikwa na huzuni. Mzee alikitazama kioo, akavua miwani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Hatimaye kuna mashine moja inafanya kazi sawasawa."

Mzee wetu, kwa niaba ya vyumba vyote kumi na kimoja, ahsante kwa mgongo wako, kwa barua kumi na tisa, na kwa kutuamini kila Ijumaa wakati hatukustahili. La kitufe ni la kwangu, na nimeliandika hapa mbele ya watu wote wenye uwezo wa kusoma. Msalimie mama. Tunakuombea siku nyingi, nyepesi, zinazoanza zenyewe na zisizokuuliza kama uko tayari.