Aliyesema Sekela Ameolewa

Ni nani kati yenu aliyewaambia wale wageni wa ufadhili kwamba Sekela ameolewa Chimala?

Msitazamane. Mchungaji atasubiri sebuleni amalizie chai yake. Sala nitaipokea, lakini kwanza nataka jibu. Na wewe Sekela, kaa, leo hutoki kwenda kuchemsha kitu. Sikilizeni wanangu, pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia soga.

Mzee Liberatus, aliyekuwa kwenye ile kamati ya kanisa ya kufadhili masomo, alikuja juzi kuniona. Sekela alipomletea uji akamkodolea macho, akasema, "Mwalimu, huyu si yule binti tuliyeambiwa ameolewa?" Nikadhani ni uzee, nikamwuliza tena, akanisimulia yote. Walikuja hapa Kalenga kumwona yatima kwa macho yao, kama ulivyokuwa utaratibu wao, kwa sababu fedha zile zilitokana na kuku na maboga yaliyopigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, na walionunua ni watu wasio na kitu, kwa hiyo hawakutaka ziende kwa mtoto wa kusimuliwa. Jina lililokuwa limepita ni la Sekela. Mtu wa nyumba hii akawakaribisha kwa heshima zote, akawapa na viti, akawaambia binti ameshakwenda kwa mumewe Chimala. Wakasikitika. Kisha wakaona fungu lisiiache nyumba ya mjane, wakamwandika Sosthenes.

Mimi nilikuwa Mbeya, nimeitwa kusahihisha mitihani. Niliporudi nikaambiwa Sekela hakupita, kapita Sosthenes. Basi.

Sosthenes, baba, inua kichwa, hatuko kwenye ibada. Sisemi ufadhili ule ulikwenda bure. Uliingia chuo cha utabibu huna hata shati la kubadilisha, ukatoka mpaka mwendo wako umebadilika. Umeshona majeruhi wa barabara kuu, umeokoa watoto wenye degedege, na hata dripu hii umeitundika wewe. Lakini kila mahafali unayoalikwa unasimama na tai yako kuwaambia watoto wa watu kwamba ulifika hapo kwa kujituma, na aliyebaki nyuma ajilaumu mwenyewe. Nimekaa mstari wa mbele nikakupigia makofi kwa adabu, mimi niliyesoma mpaka chuo kikuu Mlimani na kujua vizuri nani alinilipia. Siku hizo hizo, aliyekuwa akikushinda kwa alama alikuwa Ilula anakimbiza basi na ndoo ya nyanya kichwani.

Na huyu Sekela, mtoto wa marehemu mdogo wangu Lusia, ameishi akiamini kwamba walimtazama wakaona hafai. Nilimsihi aombe tena, akanijibu, "Mama mkubwa, akili yangu iliishia pale." Msichana aliyewafundisha wenzake baiolojia kwa kuchora moyo wa mtu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu! Hata pikipiki ilipomvunja nyonga pale Ilula, alisema ndiyo saizi yake. Hilo ndilo linalonizuia kufa, si kansa. Kansa ilishamaliza kazi yake.

Mali haina maneno mengi. Nyumba hii na shamba la bondeni ni vya Sekela, nimeshasema mbele ya mashahidi, na asitokee mjomba wa kuleta kikao. Yusta binti yangu, una mji wako kwa mumeo Mbeya, Sosthenes una mshahara. Ng'ombe mchinjeni msibani, maana nawajua waombolezaji wa hapa. Msinijengee kaburi la marumaru wakati choo cha nyuma kinaanguka. Na asisimame mtu kusoma wasifu wa kunipamba. Waliosoma kwangu wanajua nilikuwa na fimbo.

Ngoja. Nipeni maji... kidogo tu, yanapalia.

Sogea, Sekela. Weka kichwa hapa chini ya mkono wangu. Mungu akurudishie... akuonyeshe kwamba kilichofungwa hakikufungwa na Yeye. Ulifaa. Umesikia? Ulifaa tangu mwanzo.

Sosthenes, ni wewe? Usiniapie kwa Biblia, niangalie tu. Hukujua. Haya, nayaamini macho hayo, ni ya baba yako, hayakuweza kudanganya hata bei ya kuku. Basi inama na wewe. Mungu akutie aibu kidogo... ile inayomfaa tabibu. Na uwe na huruma.

Yusta. Njoo, mama. Mbona umeganda dirishani? Mkono... unachoka, mwanangu, na siwezi kuuweka kichwani pako hivi hivi. Sosthenes alikuwa bweni la shule. Nyumbani mlibaki... Sema basi. Sina... sina muda wa kukubembeleza.

— Mama, mwache Sosthenes. Ni mimi. Nilikuwa nimekuja kwako kujifungua mwanangu Ipyana, na wewe ukaitwa Mbeya. Sekela ndiye aliyekuwa ananichemshia maji, ananifulia nepi, anambeba mtoto usiku ili nilale. Nikaona akienda chuo, mimi nabaki na nani? Nikawaambia ameolewa. Alikuwa hapo nyuma ya nyumba, Mama, anafua. Nilirudishia mlango wa uani ili wasimsikie anavyoimba.