Fungu la Mama wa Busasamana

Benchi la Epiphanie liko kwenye kona ya barabara inayopanda kutoka mpakani, mahali ambapo wanawake wanaorudi kutoka Goma hutua mizigo na kunywa kahawa. Hapo ndipo Rwema, fundi simu, hurekodi podikasti yetu: sisi tunabishana, yeye anashika simu, na watu wanatusikiliza hadi Kigali. Wachache hututumia pesa kila mwezi ili tusife. Juzi tangazo la kwanza lilituletea pesa za maana, na leo tulikutana kugawana. Rwema alikuja na habari: Mama Illuminée wa Busasamana, wa kwanza kabisa kututumia pesa, alikuwa njiani. Mama mwenyewe hakuwa amemwambia anafuata nini. Hakuna aliyeuliza.

— Anakuja kuchukua fungu yake, alisema Rwema. Na mi naona tumupatie.

Callixte, ambaye tunamwita Meya ingawa hajawahi kugombea chochote, alikohoa.

— Bon. Kwanza tuangalie, batu banasikilizaka sauti ya nani? Yangu. Donc nusu ni yangu. Ile nusu ingine tuigawanye sawasawa, na mi nikiwemo.

— Sauti yako ni ya mbuzi aliyefungwa kwenye mvua, alijibu Onésphore. Huyu alikulia Tanzania, tunamwita Dodoma, na hadi leo anaongea kama anayesoma taarifa ya habari. — Watu wanafuata hoja. Mimi nalipwa kwa kila uongo wako niliokanusha.

— Yewe, utakuwa tajiri kuliko banki, alisema Epiphanie akimimina kahawa. Na benchi yangu? Munafikiri munakaaka juu ya hewa? Batu banasema banapenda kusikia vikombe. Ile muziki ni yangu.

— Vikombe havina haki, mama, alisema Dodoma.

— Viko na haki ya kubakia kwa kabati.

Kila mmoja alishika kikombe chake kwa nguvu zaidi.

— Na Mama Illuminée? Rwema alirudia. Mbele ya tangazo kuja, internet yangu njo yeye alikuwa analipa.

— Alitoa kwa mapenzi, sha! alisema Epiphanie. Mapenzi unairudishiaka faida?

— Alilipa asikilize, akasikiliza, alisema Dodoma. Mtu hanywi kahawa kisha akadai sehemu ya kibanda.

Meya alichangamka.

— Tena tukiangalia muzuri, yeye njo iko na deni yetu! Alicheka miaka yote hii. Kicheko ni dawa. Kwa farmasi wangemupatia bure?

— Aandikiwe ankara! alisema Dodoma. Na majirani waliosikia kupitia ukutani, nao walipe.

— Na masikio! alidakia Meya. Mutu iko na masikio mbili, alipe abonnement mbili kila mwezi!

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko, na changu kikiwemo. Ndipo pikipiki ikasimama.

Alishuka mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge kipya, viatu vimejaa vumbi jeusi la kule chini ya volkano. Alitukumbatia mmoja mmoja. Hakuwahi kutuona, lakini kila aliyefungua kinywa alimtaja jina kabla hajamaliza salamu.

— Meya! Ile sauti! Na huyu ni Dodoma, kabisa!

Rwema alitia mkono mfukoni kutoa pesa. Meya akamshika kiwiko.

— Mama, tulikuwa tunapiga hesabu ya fungu yako, lakini unajua, charges, matumizi, ziko mingi…

— Fungu ya nini? Mi sikuje ju ya franga. Ni binti yangu, Umutoni. Jumamosi bakwe banakuja kumuomba, banakuja na bisi muzima. Upande yetu ni mi na dada yangu tu. Hatuna mwanaume wa kusimama abishane nabo ju ya ng'ombe ya mahari, binti asitolewe kama hana batu.

Alitabasamu.

— Njo nikasema, mi niko na batu. Kila mwezi munasoma jina yangu, munasema, 'Illuminée, wewe ni familia yetu.' Nimebaambia bakwe familia yangu ya Gisenyi inakuja, batu ya kubishana hakuna wa kubashinda. Kesho tunapanga viti. Mutakuja bangapi?

Meya aliachia kiwiko cha Rwema. Dodoma alichungulia ndani ya kikombe chake kilichokwisha kahawa.

Mama Illuminée alisubiri, bado akitabasamu, akituangalia kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho wake, midomo yake ikituhesabu polepole.