Ngano ya Mama Tannus

Kabla sijasoma, ndugu waombolezaji, naomba kila mmoja aape hapa hapa mbele ya jeneza, na wewe Padri Yuhanna uape pia, kwamba haya hayavuki daraja kwenda kijiji cha Kfar Luza, maana wale wakiyapata watatucheka mpaka Pasaka ya mwakani. Mmeapa? Haya. Mimi ni Afife, wifi wa marehemu, familia imenichagua nisome kwa sababu ya sauti yangu, shuleni sikukaa sana, nikikwama kwenye karatasi nitaendelea kwa kichwa.

Marehemu Nazira, mke wa kaka yangu Sarkis, ambaye wote tulimwita Mama Tannus, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1938, hapa hapa kijijini Beit Zaarur, siku ya Sikukuu ya Msalaba, mioto ya sikukuu ikiwaka juu ya mapaa, akiwa mtoto pekee wa mama aliyeponea ile njaa kubwa ya wakati wa Waturuki, na mama huyo, Mungu amrehemu, badala ya hadithi za majini alimsimulia mwanawe kila jioni jinsi walivyochambua punje za shayiri kwenye mavi ya farasi wa askari, sasa mtoto aliyelelewa hivyo utamwambia nini kuhusu kesho?

Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1945 mpaka 1948, akaishia darasa la tatu, mwaka 1952 akaajiriwa jikoni kwa masista hao hao, akajifunza kukausha, kutia chumvi na kuzamisha kwenye mafuta kila kitu kisichokimbia, na tarehe 26 Aprili 1959 akafunga ndoa na Sarkis, fundi wa mawe, mpole kupita kiasi, wakajaliwa Tannus mwaka 1960 na Hanne mwaka 1963, hawa hapa mbele, wanalia na kucheka kwa pamoja.

Chumba cha akiba kila nyumba inacho, lakini cha Mama Tannus, jamani! Madebe ya mafuta ya zeituni, magunia ya ngano, tini kavu, vitunguu vimening'inia kama kengele, akiba ya miaka miwili, halafu mitatu, ufunguo shingoni pamoja na msalaba, na sheria yake ilikuwa kula cha zamani kwanza, kwa hiyo kipya kilisubiri mpaka nacho kiwe cha zamani, na kaka yangu miaka kumi na tano alikula ngano ya fukusi huku ngano safi iko nyuma ya mlango. Mwenyewe naye hakufaidi, alikonda, usiku akawa halali, daktari akamwambia, "Mama, huna ugonjwa, una hofu," naye akajibu, "Basi nipe dawa ya hofu, nipe chupa mbili, moja niiweke akiba."

Na kila mwaka sikukuu ya Mtakatifu Barbara, watoto wanapovaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakigonga masufuria wapewe ngano ya kuchemsha yenye sukari na zabibu, yeye alizima taa, akawaziba wanawe midomo, akajifanya hayupo.

Sarkis alivumilia yote, mpaka mwaka 1974, siku alipotandika kitanda cha Hanne akakuta vipande saba vya mkate chini ya mto, akamuuliza, "Hivi vya nini, mwanangu?" mtoto akajibu, "Vya kesho, baba." Ndipo akaogopa.

Tarehe 3 Desemba, mkesha wa Mtakatifu Barbara, jua halijazama, akavaa gunia, akajipaka masizi, akajichanganya na watoto, akagonga mlango wake mwenyewe, na kwa kuwa waliwahi mapema, Mama Tannus hakupata nafasi ya kujificha, akatoka na ufagio.

"Tokeni! Na wewe jitu zima, huoni haya?"

"Kijiko kimoja tu, mama," akasema Sarkis kwa sauti nyembamba kama ya kuku, "nyumbani kwangu ngano ipo, ila mke wangu ananinyima."

"Anakunyima? Ngano ipo?"

"Ipo mpaka darini. Mwanangu anaficha mkate chini ya mto kama panya."

"Uuu! Mwanamke gani huyo, ana moyo au ana jiwe? Nitajie jina lake, nimwendee sasa hivi!"

Sarkis akavua gunia.

Nilikuwepo barazani kwangu, mkabala na mlango wao, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye theluji, lakini Mama Tannus hakucheka, aliweka ufagio chini, akaingia chumba cha akiba, akajifungia. Humo ndani akaanza Baba Yetu, akafika kwenye "utupe leo mkate wetu", akakwama, akarudia, akakwama tena, akayatazama magunia, akamwambia Mungu, "Bwana, nimekudanganya miaka yote, naomba wa leo na huku nimelalia wa miaka mitatu. Kuogopa bado naogopa, lakini mwanangu asiogope. Kesho ishike wewe, mimi imenishinda."

Akafungua mlango, uso umevimba, akamwambia mumewe, "Wewe ombaomba, njoo ubebe gunia."

Alipika kwenye sufuria kubwa la masista, kijiji kizima kikala, wagonjwa waliosahaulika wakapelekewa bakuli mpaka kitandani, asubuhi yake bakuli zikarudi, na nani huku anarudisha bakuli tupu? Moja ilirudi na jibini, moja na biskuti zilizoungua, moja na kuku mzima anayepiga kelele. Naye Mama Tannus alikuwa bado amelala! Sarkis alimwekea mkono puani kuhakikisha anapumua.

Sisemi alipona siku moja, vita vilipokuja hofu ilimrudia, akawa anamwambia kaka, "Nishike mikono nisifunge mlango," naye anamshika, na wakimbizi wa vita waliolishwa kwa akiba ile wengine wako nyuma pale, nawaona. Lakini chini ya mto wa Hanne, kufika Krismasi ya mwaka ule ule wa 1974, palikuwa na shuka tu.

Aliugua moyo tangu mwaka 2017, akafariki Jumatatu tarehe 11 Machi 2019, akiwa na miaka themanini, wajukuu watano, na kwenye chumba cha akiba nusu debe la mafuta. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, masista wa jikoni aliofanya nao kazi, na majirani mliochimba kaburi kwenye tope.

Na maneno ya sala yake mle chumbani aliniambia yeye mwenyewe, Nazira, kitandani hospitalini, akaniapisha nisiyaseme mpaka azikwe. Bado hajazikwa, najua. Nisamehe, wifi, nilishindwa kungoja. Wewe lala kwa raha zako, kesho tuachie sisi.