Sauti Niliyoivaa Msibani

Shikamooni wazee, na wengine wote salaam. Mwenyekiti wa kikao hiki kaniomba nisitaje majina, nami sitataja. Ila kabla sijaanza mniruhusu niseme: mnayoisikia sasa hivi ni sauti yangu mwenyewe. Msicheke, mtanielewa.

Mimi ni mtu wa Kinole, kule juu. Mnajua kazi yetu watani msibani. Tunavaa nguo za marehemu, tunaiga mwendo wake na usemi wake mpaka wafiwa wacheke. Mimi nilijaliwa kipaji hicho. Siku moja alizikwa kijana wa kitongoji cha jirani, nikavaa shati lake, nikapita uani nikiita watu kama alivyokuwa akiita. Watu wakaangua kicheko. Mama yake hakucheka. Alinitazama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umekula?" Nikavua lile shati, nikaondoka.

Baadaye nikashuka mjini, nikauza mitumba Msamvu, biashara ikafa. Mwenzangu mmoja akaniambia nina mtaji kooni. Kazi ilikuwa kuwapigia wazazi wa watu: "Mama, ni mimi, simu yangu imeharibika, nitumie kwa namba hii." Ndugu zangu, nawaambia, hatukujiita wezi hata siku moja. Tulisema mchongo. Tulisema tunahangaikia riziki. Aliyetuma tulimwita mteja! Na kwa maneno hayo nililala usingizi mzuri tu.

Asubuhi moja mwenzangu akanisomea namba, akasema ni ya mama mmoja wa milimani, ana mtoto wa kiume. Hakujua zaidi, nami sikuuliza. Nikapiga. Sauti sikuichagua, nilifungua mdomo ikatoka yenyewe. "Mama, ni mimi."

Nikasikia kuku wake. Kisha akasema, "Mwanangu, umekula?"

Nikamtambua. Nilikuwa nampigia mama kwa sauti ya mtoto ambaye mimi mwenyewe nilimwona akifukiwa. Ningeweza kukata simu. Sikukata. Aibu yangu iko hapo, wala siifichi. Nikamjibu, "Sijala, mama. Nitumie kidogo." Akatuma kabla chai yangu haijapoa.

Tangu siku ile sauti ile haikunitoka. Nikimwita mke wangu, anageuka kutazama mlangoni: "Nani huyo?" Nikiagiza nyama sokoni, anayeagiza ni yeye. Binti yangu mdogo akaanza kunikimbia. Mwishowe nikaacha kusema kabisa, nikawa natikisa kichwa tu. Niliogopa sana, ndugu zangu. Shati nilikuwa nimelivua, hii sikujua inavuliwaje.

Nikapanda Kinole. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka njiani, sioni hatua tano mbele. Nikamkuta yule mama barazani anachambua karafuu. Nikapiga magoti, nikasema yote, kwa sauti ile ile ya mwanawe. Hakushtuka.

"Mwanangu alikuwa na kigugumizi," akasema. "Siku ya msiba hukukiiga, ulimsitiri, nikakushukuru moyoni. Kwenye simu nako hakikuwepo. Nilijua ni wewe."

"Sasa mama, mbona ulituma?"

"Aliyepiga alisema hajala."

Nikalia. Na katikati ya kilio nikasikia kwamba anayelia ni mimi, kwa koo langu. Aliniacha nimalize, akakung'uta kanga yake, akasimama. "Ule wa msibani ulikuwa utani. Huu sio. Twende."

Akanipeleka polisi yeye mwenyewe. Askari akaandika, akanisomea: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Niliona afadhali. Jambo langu lilikuwa limepata jina lake. Kifungo nilikitumikia, na cha watu nikakirudisha.

Namshukuru mke wangu, aliyeningoja. Nawashukuru nyinyi mlionipokea, na humu wamo waliolizwa kwa simu kama nilivyoliza wengine. Mkipigiwa, ulizeni jambo ambalo mwigaji hawezi kulijua. Na kama yupo hapa anayefanya nilichofanya, aanze kwa kukiita utapeli. Mimi nilichelewa.

Lakini wa kwanza kumshukuru ni yule mama. Leo kabla sijaja nimempigia. "Nani mwenzangu?" Nikataja jina langu, lote, na la baba yangu. Nikasikia kuku wake.

"Haya," akasema. "Umekula?"