Hewa Ndani ya Rejeta

MSUMARI: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Mimi. Simu ya kuazima hii.

MSUMARI: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

KAKA: Kaka yako, Msumari. Wa tumbo moja. Hujambo?

MSUMARI: Sijambo. Sema haraka, mikono imelowa.

KAKA: Unafua?

MSUMARI: Nainywesha kompyuta maji.

KAKA: Mtandao mbaya. Nimesikia eti unainywesha kompyuta maji.

MSUMARI: Mtandao mzima kabisa. Chumba hiki kina bati juu yake na jua juu ya bati. Feni inazungusha joto lile lile. Kila nikiiambia iunganishe zile picha inafika katikati, inajizima kama mtu aliyezirai. Sasa nimeiwekea maji. Kipande cha shaba kimekaa juu ya prosesa, ubongo wake, maji yanapita ndani yake, yanabeba joto, yanaenda kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi.

KAKA: Rejeta ya nini?

MSUMARI: Ya hita ya gari bovu. Ya shaba. Yule wa vyuma chakavu alitaka kunipa ya alumini, eti inang'aa. Nikamwambia shaba na alumini kwenye maji mamoja ni wake wenza, zitalana mpaka zitoboke.

KAKA: Na maji—

MSUMARI: Ya betri, yasiyo na chumvi, si ya bomba. Usinifundishe.

KAKA: Sijafundisha, nimeuliza. Mama anasemaje?

MSUMARI: Alikuja jana kutoka kwa shangazi. Kaikuta hivi ilivyo na mipira ya maji, kasema dunia imekwisha, sasa hata mashine zinashikwa na kiu. Halafu akauliza itakuwa tayari kabla ya kesho? Nikamwambia itakuwa.

KAKA: Kesho ndiyo... ndiyo shauri la mahakamani.

MSUMARI: Kesho asubuhi. Kampuni imeandika kwamba pale tulipovunjiwa palikuwa kichaka. Kichaka, kaka, hapajawahi kukaa mtu. Basi uchochoro mzima umeniletea picha za simu. Za harusi, za watoto wakioga, nyingine mlango tu. Kompyuta inazishona ziwe mtaa mmoja, unaingia, unatembea, nyumba kwa nyumba. Mwanasheria anasema bila hiyo tuna midomo tu, na midomo yetu wameshaizoea.

KAKA: Ndicho nilichopigia.

MSUMARI: Nilijua hukupiga kwa ajili ya salamu.

KAKA: Na picha za siku ile ya kuvunja, nazo zimo?

MSUMARI: Zimo.

KAKA: Zote?

MSUMARI: Jirani wa kona alipanda juu ya ukuta wake. Alipiga picha mpaka ukuta ukamwishia.

KAKA: Na yule... mtu aliyekuwa kwenye tingatinga. Anaonekana?

MSUMARI: Anaonekana.

KAKA: Sura?

MSUMARI: Kaka. Nilikujua kwa mgongo kabla sijafika kwenye sura. Upo?

KAKA: Nipo. Nani mwingine ameniona?

MSUMARI: Mama. Aliniambia rudisha nyuma, nikarudisha. Akaniambia endelea na kazi yako.

KAKA: Hakusema kitu?

MSUMARI: Aliomba maji ya kunywa.

KAKA: Sikiliza. Msimamizi alituita madereva. Anasema kampuni haikumtuma mtu pale, na atakayeonekana kwenye picha ni mhuni aliyeiba mashine, atajuana mwenyewe na polisi. Sasa nilikuwa nauliza... hiyo kompyuta yako, mtu anaweza kutolewa? Mashine ibaki, kiti kibaki kitupu?

MSUMARI: Inawezekana.

KAKA: Basi—

MSUMARI: Inawezekana na sifanyi.

KAKA: Msumari—

MSUMARI: Sifuti mtu. Wao ndio wanaofuta watu. Wamefuta uchochoro mzima kwa neno moja, leo mimi niwapokee kazi, nianze na dereva?

KAKA: Ningekataa angekaa mwenzangu. Yule angepita na vyombo ndani. Mimi nilingoja mpaka mama akatoa kitanda.

MSUMARI: Ni kweli. Ulivunja kwa adabu.

KAKA: Nina watoto.

MSUMARI: Wa jirani wa kona ni mbuzi? Mimi sisahau, kaka, ndiyo maana mkaniita Msumari. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, mimi na ndoo yangu ndogo, ukasema siku wakija kuvunja utalala mbele ya mashine, wapite juu yako. Uliwaambia watu wazima, wakapiga makofi. Nikaamini. Mpaka leo sijui jinsi ya kuacha kuamini.

(mtandao unakwaruza)

KAKA: ...sikii. Kuna kitu kinanguruma.

MSUMARI: Pampu. Kompyuta yenyewe nimeizima, najaribu maji peke yake kwanza. Nimetandika karatasi za chooni chini ya kila kiungio, ikilowa moja tu nitaona.

KAKA: Zimelowa?

MSUMARI: Kavu. Ila maji hayaendi. Pampu inapiga kelele, maji yamesimama. Tangu asubuhi nahangaika nayo.

KAKA: Weka simu karibu nayo.

MSUMARI: Ya nini?

KAKA: Iweke tu.

(mngurumo wa pampu)

KAKA: Inakula hewa. Zima, utaiua, pampu ikizunguka kavu inaungua. Umezima?

MSUMARI: Nimezima.

KAKA: Rejeta umeiweka wapi?

MSUMARI: Nimeitundika dirishani, ipate upepo.

KAKA: Na tangi la maji?

MSUMARI: Mezani.

KAKA: Kwa hiyo rejeta iko juu ya tangi.

MSUMARI: Iko juu.

KAKA: Hewa hupanda. Imepanda, imejikalia kileleni mwa rejeta kama mwenye nyumba, na pa kutokea haina. Ishushe. Iweke sakafuni, midomo ya mipira itazame juu. Halafu fungua kifuniko cha tangi.

MSUMARI: Kaka. Unajua ikikubali, picha itamalizika.

KAKA: Umeshusha au hujashusha?

MSUMARI: Nimeshusha.

KAKA: Bana mpira kwa vidole, achia. Bana, achia. Unaona nini?

MSUMARI: Mapovu. Yanatoka tangini kama mtu mwenye mafua.

KAKA: Yaache yatoke. Itikise rejeta, ilaze huku, ilaze kule. Maji yakishuka ongeza.

MSUMARI: Yameshuka. Naongeza.

KAKA: Usitie kwa hasira, utamwaga.

MSUMARI: Hasira si ya maji.

KAKA: Najua ni ya nani. Washa pampu.

(kimya)

KAKA: Sisikii kitu. Umewasha?

MSUMARI: Nimewasha. Inazunguka. Maji yanakimbia, nayaona kwenye mpira.

KAKA: Hivyo ndivyo. Pampu nzima haingurumi. Karatasi?

MSUMARI: Kavu zote.

KAKA: Ningekuwa wewe ningeiacha hivyo, nile, ninywe chai, ndipo niwashe kompyuta.

MSUMARI: Ungekuwa na uchochoro wa kushona kabla ya asubuhi usingekunywa chai. Nawasha.

KAKA: Msumari, ngoja—

MSUMARI: Nimeshawasha. Inashona. Joto limepanda... limesimama. Limesimama, kaka, halipandi tena.

KAKA: Inashona wapi?

MSUMARI: Mwanzo wa uchochoro, kwa fundi viatu. Mlango wake umetokea mpaka ule ufa.

KAKA: Wa mama?

MSUMARI: Bado. Inakuja.

KAKA: Kesho kwenye shauri anaingia yeyote?

MSUMARI: Yeyote. Lakini kama unakuja kunibembeleza—

KAKA: Siji kubembeleza mtu. Msimamizi atakuwepo. Atasimama aseme kampuni haimjui yule dereva. Nataka aseme nikiwa nimekaa mbele yake, ananiona.

MSUMARI: Watakutia ndani.

KAKA: Wanitie. Nitawaonyesha na funguo za mashine alizonipa kwa mkono wake. Salio la watu linaisha. Mwambie mama—

MSUMARI: Simwambii. Mdomo unao.

KAKA: Akiniuliza nitamjibu nini?

MSUMARI: Hatakuuliza. Wewe kaa kulia kwake. Sikio la kushoto halisikii.

KAKA: Tangu lini?

MSUMARI: Tangu siku ile. Alikataa kutoka mlangoni, mashine ikawa inanguruma karibu mno.

KAKA: Mimi sikuona, Msumari, vumbi lilikuwa—

MSUMARI: Kulia, kaka. Umesikia?

KAKA: Nimesikia. Nitakaa ku—

(simu imekatika)