Chupa ya Kuazimana

Ndani ya lori la abiria lililotoka Ihanja, Raheli alikuwa amekumbatia kibuyu cha uji wa mumewe, Laurenti, aliyelazwa hospitalini na mpira wa mkojo ulioishia kwenye chupa chini ya kitanda. Mbele yake mzee mmoja, aliyewahi kulazwa humo na mpira kama huo, alikuwa akimsimulia dresa, mfunga vidonda wa hospitali hiyo, mambo ya wodini, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupona.

"Daktari alitia dawa kwenye chupa za mkojo za wengine, na za wengine maji matupu. Tukaona wenye dawa hawashikwi na homa. Basi akitoka tu, tunaazimana chupa."

Dresa akamgeukia. "Mzee, dawa ile bado inajaribiwa. Na mkiazimana chupa mnapeana uchafu unaoleta homa yenyewe."

"Sasa mwanangu, nipone peke yangu, mwenzangu ananitazama? Kijana wa kitanda cha pili nilimwachia yangu kabisa."

Raheli alikumbuka Laurenti alivyofurahi Jumapili: mzee mmoja kamwachia chupa, Mungu ambariki. Jana zilikuja habari kwamba anatetemeka kwa homa.

Lori likasimama langoni mwa hospitali. Mzee alitangulia kushuka, akamnyooshea Raheli mkono. "Na wewe, mama, una mgonjwa humu?"

Raheli akaushika ule mkono, lakini hakushuka. "Yule wa kitanda cha pili," alisema.