Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta

Ndani ya basi, dada mmoja kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa amepakata kompyuta, akimsimulia fundi wa kompyuta aliyeketi naye.

"Nilitaka mfumo mpya wa kuendesha kompyuta ukae pamoja na ule wa zamani, kama wake wenza. Kompyuta ikaniuliza, nigawe diski au nifute yote? Nikabonyeza bila kusoma." Mimi pia sijawahi kuyasoma maswali hayo. "Sauti za marehemu mama nilizorekodi humo zikaenda zote."

"Pole, dada. Huenda bado zimo, mradi hujaandika kitu humo. Kipya hulala juu ya cha zamani na kukifuta."

Dada akaifunga kompyuta taratibu. "Naandika humo kila siku. Naandika maneno yake, nisije nikayasahau."

Fundi akageukia dirishani. Basi likasimama, nikashuka.